Kilo tano na sketi isiyofunga

Sketi yangu ya usaili ni ya kijivu. Alinishonea fundi mmoja wa Segerea mwaka 2019, imeshanipatia kazi mbili, kwa hiyo huwa siibadilishi. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 23 Januari ikanigomea. Kunenepa sikunenepa, tena nilikuwa nimepungua kilo sita. Shida ni kwamba kiuno chake kinapita juu kabisa ya mshono wangu wa upasuaji, na mshono wenyewe ulikuwa na wiki saba na siku mbili. Nikifunga kifungo, kila nikivuta pumzi ule mkunjo wa kitambaa unasugua palepale.

Mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama tu. Akanyoosha mkono, akauvua mpira wa nywele kichwani kwangu, akaupitisha kwenye tundu la kifungo, akaupinda na kuuzungushia kifungo chenyewe. Sketi ikashika huku imeachia kama vidole vitatu.

"Blauzi itokee nje," akasema. "Kwani hao watu wa kazi watakufunua?"

Nirudi nyuma kidogo. Niliofanya nao kazi miaka miwili iliyopita wanajua kwamba nilikuwa natembea na khanga nyeusi kwenye mkoba, ya kutandika kwenye kiti cha ofisi. Siku zangu zilikuwa zinakwenda siku kumi, mwezi mwingine kumi na mbili. Nikipanda ngazi nasimama katikati najifanya nasoma simu. Mwezi wa kumi nilipopimwa, kiwango cha damu kilikuwa 7, na ultrasaundi ikaonyesha fibroidi, yaani vivimbe, zimejaa kizazi. Nikaanza kunywa rozela asubuhi na jioni. Nikala matembele na maini mpaka mwanangu, ana miaka tisa, akauliza kama mboga nyingine zimepigwa marufuku. Kuna vidonge vya madini ya chuma pia, ambavyo nadhani ndivyo vilivyofanya kazi yenyewe, lakini ukimwambia mama yangu hivyo mtagombana. Hospitali wakataka nilete watu wawili wa kuchangia damu. Akaja binamu yangu, na kijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale nyumbani ambaye hadi siku ile nilikuwa namjua kwa rangi ya kofia yake tu.

Nikapasuliwa Jumanne tarehe 3 Desemba, mshono wa kushuka kuanzia chini ya kitovu. Daktari alipopita raundi kesho yake akasema wametoa tisa, na kubwa kuliko zote ilikuwa na saizi ya chungwa. Mama alikuwa amefika usiku ule kutoka Muheza na kiroba cha machungwa.

"Mimi nahangaika na mzigo kwenye basi," akasema, "kumbe mwenzangu unayo tumboni!"

Nikacheka. Kama hujawahi kupasuliwa tumbo, jua kwamba kicheko ndicho kinachouma kuliko yote, kuliko hata kukohoa. Manesi wanakufundisha kukumbatia mto, lakini mto hauji haraka kama mama yangu.

Tarehe 19 Desemba nimelala nyumbani, simu ikalia, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu wa utumishi wa ofisini. Nikadhani ni pole nyingine. Ilikuwa PDF ya ukurasa mmoja. Mkataba wangu ulikuwa unaishia tarehe 31 Desemba, na "uongozi umeamua kutouhuisha". Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umehuishwa mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa mzima.

Nilivyokuwa sina la kufanya ila kulala chali, nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu. Inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mimi nilikuwa sijafikisha hata siku 20. Lakini likizo hiyo inakaa ndani ya mkataba, mkataba ukiisha nayo imeisha. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba kama ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuhuishiwa mkataba na mwajiri akakataa, hiyo nayo inahesabika kuwa kuachishwa kazi. Kila niliyemweleza akanitajia CMA. Unakwenda hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, ukichelewa unaomba kuongezewa muda na kutoa sababu.

Nilizihesabu zile siku 30 nikiwa kitandani. Wiki ya tano sehemu ya chini ya mshono ikaanza kutoa maji, nikawa naenda kusafishwa kidonda kila siku, bajaji kwenda na kurudi, na barabara yetu ya mtaani mnaijua nyie mnaokaa huku. Siku ya thelathini ikapita. Ningeweza kuomba kuongezewa muda, vyeti vya hospitali ninavyo. Sikuomba. Nguvu nilizokuwa nazo zilitosha ugomvi mmoja tu, na nikaona niugombanie mshahara wa mbele, wa nyuma niuache. Binamu yangu hadi leo anasema nilikosea. Inawezekana.

Nilichokifuata ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili ya fao la kukosa ajira. Ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako, unapata theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Mama alinisindikiza na mto wake, akauweka kwenye kiti cha ofisi ya watu kabla sijakaa, bila kumwomba mtu ruhusa. Theluthi ya mshahara wangu inalipa kodi ya nyumba na kubakiza ya unga na maharage. Kadi ya bima nayo ilikuwa imeshalala pamoja na kazi, hivyo kusafisha kidonda nikawa nalipa taslimu.

Basi hapo ndipo nikaanza kutafuta kazi, kwa sababu ya hesabu. Ushujaa haukuwemo.

Kutafuta kazi ukiwa umelala kuna uzuri wake, siku ni ndefu. Nilituma maombi 31 kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Februari, nimeyaandika kwenye daftari la mwanangu la hesabu upande wa nyuma. Nikajiunga na makundi ya Telegramu ya ajira, matano. Siku moja nikapigiwa na mtu mwenye sauti ya kiofisi kabisa. Nimechaguliwa, mshahara milioni moja na laki mbili, kinachobaki ni nitume shilingi 35,000 za "vipimo vya afya" ili kuthibitisha kwamba niko fiti kwa kazi. Nilicheka mpaka nikaushika mshono. Nikamwambia kaka, vipimo ninavyo, ninavyo faili zima, nikuletee wapi? Akakata simu.

Usaili wa kwanza ndio ule wa sketi. Ofisi ilikuwa Posta, ghorofa ya nne. Tatizo la kwanza ni kufika. Segerea asubuhi huwezi kugombania daladala na tumbo limeshonwa, kiwiko kimoja tu cha mtu mlangoni umerudi wodini. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya wajawazito na wazee, nikageuza na gari. Unalipanda linapokuja na watu wachache, unakwenda nalo hadi mwisho wa njia, unabaki umekaa, linapogeuka wewe una siti yako ya dirishani. Nauli unalipa mara mbili. Unafika umechoka lakini umefika mzima.

Lifti ilikuwa mbovu. Mlinzi akasema imeharibika tangu Jumatatu. Nikazipanda ngazi kwa mtindo wa harusi, mguu juu, mwenzake unafuata, napumzika. Nilipoingia kwenye chumba jasho lilikuwa linanitoka puani. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani. Wakaanza kwa Kiingereza, tukahamia Kiswahili. Hesabu wakaniuliza, nikajibu vizuri, najua nilijibu vizuri. Halafu yule wa katikati akauliza kwa nini niliacha kazi.

Nikaeleza yote. Nilianzia kwenye khanga nyeusi. Nikapita kwenye damu 7, nikataja idadi ya fibroidi, nikafika kwenye maji ya mshono, na nadhani hata machungwa niliyataja. Sijui kilichonipata. Wiki saba nilikuwa nimeongea na mama na mtoto tu, labda nilikuwa nimekosa watu. Yule mama mwenye miwani akawa anatikisa kichwa kwa huruma, akaniuliza kama nina watoto na kama bado natarajia wengine. Yule wa katikati akaiziba kalamu yake kwa kifuniko. Nilikisikia kile kifuniko, tik.

Nilitoka pale na pole tatu na maji ya chupa. Simu haikuja.

Jioni binamu akaja kuniona, naye ni mhasibu, akanitaka nimrudilie usaili wote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, wewe umewapa faili la mgonjwa. Wao walitaka kujua Jumatatu utafanya nini na utashindwa nini." Akachukua daftari, akaniambia niandike kwa sentensi tatu. Ya kwanza ilikuwa na mistari tisa. Tukafuta, tukafuta, hadi ikabaki hivi: Nilikuwa kwenye matibabu tangu Desemba, yamekwisha. Hadi mwisho wa Machi sinyanyui kitu kinachozidi kilo tano, na Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huohuo nina kliniki. Kazi ya mezani naifanya yote.

Zile kilo tano alinipa daktari. Kwa kawaida angeniachia mapema, ila kwa sababu mshono ulichelewa kufunga chini akasogeza mbele. Kilo tano ni kitu gani? Ndoo ndogo ya lita kumi ikiwa nusu. Mfuko wa unga wa sembe wa kilo tano, kama uzito wenyewe ni wa kweli. Nilikuwa nazunguka nyumba asubuhi, dakika kumi za kutembea, ninairudia ile sentensi kwa sauti, na jirani alimuuliza mama kama naendelea vizuri na kichwa pia.

Usaili wa pili ulikuwa wa serikalini, mchujo wa kuandika, kwenye viwanja vya chuo kimoja hapahapa Dar. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni imeshatoka nje ya geti. Mnaoshangaa foleni hizi kumbukeni Machi 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walikuwa na nafasi 1,596 na waombaji zaidi ya 135,000. Yetu ilikuwa ndogo, lakini kwa mtu asiyeweza kusimama zaidi ya nusu saa, foleni ya watu 300 na ya watu 3,000 ni moja. Nikamfuata mlinzi, nikamwonyesha karatasi ya hospitali, nikamwambia nina mshono. Akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyeamka saa nane usiku.

"Dada yangu, hapa kila mtu ana mshono wake."

Sikumchukia. Ilikuwa kweli, ukiangalia zile sura. Nyuma yangu alikuwepo binti wa kama miaka 23, bahasha ya kaki ameikumbatia, amekuja na basi la usiku kutoka Singida. Alikuwa amesikia. Akaniambia, "Dada kakae pale kwenye msingi wa ukuta, mimi nakushikia nafasi, wakifika karibu nakuita." Alinishikia kwa saa tatu. Kila watu wakisogea ananipungia, mimi nanyanyua mkono. Kwa nafasi moja, anamshikia foleni mtu anayeigombania nafasi hiyohiyo. Matokeo yalipotoka kwenye PDF jina langu halikuwemo. Nikapitia orodha yote, majina mengi ya kike, na mimi mjinga sikuwahi kumuuliza lake.

Ya tatu haikutoka mtandaoni. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza koki jikoni alimsikia mama analalamika, akasema kuna duka la vifaa vya ujenzi Buguruni anakonunua mipira na viungio, mhasibu wao ameolewa Mwanza ameondoka. Mama akachukua namba palepale, akapiga palepale, kwa simu yake, akajitambulisha kwa ukoo mzima. Nilitaka ardhi inimeze. Jumanne tarehe 18 Februari nikaitwa.

Duka la nondo, bati, saruji, rangi, misumari. Ofisi iko nyuma, ngazi tatu tu, nilizihesabu. Mwenye duka ni mzee mfupi mwenye barakashia, anavuta maneno polepole. Sikukuta jopo. Nilimkuta yeye, kikombe cha kahawa, na rundo la risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwenye sahani ya plastiki. Akaniuliza kama naweza kufunga hesabu za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20, nikasema naweza. Akauliza kwa nini nipo nyumbani tangu Desemba.

Nikamwaga sentensi zangu tatu. Zilitoka kama zilivyoandikwa, sikuongeza hata pole.

Mzee hakunijibu. Akamwita kijana wa stoo amletee boksi faili la mwezi wa kwanza. Kijana akalileta, limevimba risiti hadi mdomo haufungi. Mzee akalibeba kwapani akatoka nalo dukani, nami nyuma yake sijui tunakwenda wapi. Akaenda kuliweka kwenye mizani ya misumari. Ni ile mizani ya mshale, sahani yake imepigwa kutu na vumbi la chuma. Mshale ukayumba, ukasimama kilo tatu na kitu.

"Hili unabeba?"

"Hili nabeba, mzee."

"Ongeza la mwezi wa pili." Kijana akakimbia, akaja nalo, akaliweka juu ya la kwanza. Mshale ukapita sita.

"Haya mawili hubebi."

"Mawili sibebi."

Akamgeukia kijana. "Umesikia? Kwake unapeleka moja moja." Wateja wawili waliokuwa wanasubiri misumari ya inchi tatu walikuwa wametulia wanatazama kama watu wa msikitini. Halafu mzee akarudi ofisini, akanipa taarifa ya benki ya Januari na daftari la fedha, akasema nilinganishe. Nilikuta tofauti ya shilingi 84,000, cheki moja imeandikwa mara mbili. Akaiangalia muda mrefu, akasema kumbe.

Nilianza Jumatatu tarehe 3 Machi, miezi mitatu kamili tangu nipasuliwe. Matazamio miezi mitatu. Mshahara umepungua laki moja na nusu ukilinganisha na kule bandarini, na fao la NSSF limesimama, kwa hiyo kwa mwezi wa kwanza tofauti mfukoni ilikuwa ndogo kuliko nilivyojipigia hesabu. Bima bado tunazungumza. Siku ya kwanza mke wa mzee, anayekaa kwenye droo ya fedha, aliniuliza mambo yote ambayo mumewe hakuniuliza, watoto wangapi, nani alinipasua, nilitolewa nini. Nikamweleza hadi machungwa. Tulikuwa tunakula mihogo, ilikuwa na nafasi yake.

Mama ameshaondoka. Kiroba kilichokuja na machungwa kimerudi Muheza na sukari na sabuni.

Kliniki ya tarehe 28 nilikwenda, mzee alikumbuka kabla sijamkumbusha. Daktari akabonyeza, akauliza hapa, hapa, akasema sasa beba unachoweza, tumia akili. Sketi inafunga siku hizi, ingawa bado natumia mpira wa nywele, nimeuzoea. Kijana wa stoo bado ananiletea mafaili moja moja, analiweka mezani anafuta vumbi anarudi kuchukua jingine. Sijamwambia.